Sumaku na kansa ya mfupa: mimi fundi wa majiko ya induksheni, naleta nilichoelewa

#1 fundi_koili

Wakuu, salaam.

Wiki mbili zilizopita kwenye grupu la ukoo ilirushwa video ya dakika mbili. Jamaa kavaa koti jeupe, kashika sumaku ya spika, anasema wazungu wamegundua sumaku inayoyeyusha kansa ya mifupa. Chini kuna namba ya simu. Shangazi akanifuata pembeni: "Wewe si ndiye fundi wa sumaku? Mbona hukusema mapema, mtoto angebaki na mguu wake."

Sikulala vizuri siku ile. Mtoto anayemsema ni mpwa wangu. Mwaka juzi, akiwa na miaka 16, alianza kulalamika goti. Anacheza namba tisa, kwa hiyo kila mtu alijua jibu: kapigwa daluga. Akachuliwa kwa mafuta ya nazi miezi mitatu. Zahanati moja wakampa diclofenac, wakampa na sindano, picha hawakupiga. Eksirei ya kwanza ilipigwa mwezi wa nne, na daktari alipoiweka kwenye taa alinyamaza muda mrefu kuliko madaktari wanavyonyamaza. Osteosakoma, yaani kansa ya mfupa, juu kidogo ya goti. Kemo, mguu ukakatwa, kemo tena. Leo yupo kidato cha tano, ana mguu wa bandia, na matusi yake ya kwenye mpira yako palepale.

Basi nikaingia kusoma. Mimi si daktari. Natengeneza majiko ya induksheni, inveta na chaja hapa Kariakoo, ila koili naijua, na nimegundua kwamba habari hii kwa asilimia kubwa ni habari ya koili.

Chukua jiko la induksheni. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba. Umeme unaopita pale unageuka uelekeo mara elfu 20 na zaidi kwa sekunde, na uga wa sumaku unageuka nao. Weka mkono juu ya kioo, huungui. Weka sufuria ya chuma, inachemka. Weka ya alminiamu, jiko linalia pii pii linakataa. Maana yake moto hauko kwenye jiko, unazaliwa ndani ya sufuria.

Sasa fanya sufuria iwe ndogo kuliko chembe ya vumbi. Watafiti wanatumia magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma. Waliokulia Dar wanaijua bila kujua jina: tulikuwa tunafunga sumaku ya spika kwenye mfuko wa nailoni, tunaiburuza mchangani, inatoka na ndevu nyeusi. Ule weusi kwa sehemu kubwa ni magnetiti. Maabara wanatengeneza chembe zake za nanomita 10 hadi 20 hivi. Unywele mmoja ni kama nanomita 80,000, kwa hiyo panga chembe elfu kadhaa ndiyo uvuke upana wa unywele.

Kwa nini ndogo hivyo? Chembe ya ukubwa huo ina tabia ambayo kipande kikubwa hakina. Ukiwasha uga inakuwa sumaku kali, ukizima inasahau kabisa. Hazibaki zimenatana kama pini kwenye sumaku ya fundi cherehani, kwa hiyo haziendi kuziba mishipa.

Unaziingiza kwenye uvimbe, unamlaza mgonjwa kwenye mashine yenye koili kubwa, unawasha. Jiko liko nje ya mwili, sufuria imo ndani ya uvimbe. Lengo ni kufika nyuzi 42 hadi 45 hivi na kukaa hapo nusu saa au saa. Kwenye joto hilo protini za seli zinaanza kukunjamana kama ute wa yai unavyoanza kupauka, na seli inashindwa kurekebisha vinasaba vyake vilivyoharibika. Ndiyo maana watafiti wengi hawatumii joto peke yake. Wanalipandisha pamoja na mionzi au kemo, joto linamlegeza adui, mwenzake anapiga.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu humu. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Chicago aitwaye Gilchrist na wenzake walichapisha jaribio la kupasha tezi za limfu kwa chembe za oksidi ya chuma za nanomita 20 hadi 100. Upande wa mifupa, Wajapani ndio waliosukuma sana. Mwaka 1993 kundi la Ikenaga lilichapisha majaribio ya sungura waliopandikizwa kansa kwenye mfupa wa mguu, wakajazwa kauri yenye sumaku na kupashwa moto. Mwaka 2007 Matsumine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mie wakaleta habari za binadamu: wagonjwa 15, sehemu 16 za mifupa zilizovamiwa na kansa iliyotoka viungo vingine. Baadhi walikwanguliwa uvimbe, tundu likajazwa saruji ya mfupa iliyochanganywa na unga wa magnetiti. Wengine waliwekewa msumari wa chuma ndani ya mfupa. Wiki moja baada ya upasuaji wakaanza kupashwa. Maumivu yalipungua na miguu ilitumika.

Hiyo saruji ndiyo iliyonifanya niinue kichwa. Daktari akishakwangua uvimbe anabaki na tundu, na tundu lazima lijazwe. Kinachojaza kiwe kile kile kinachopasha mabaki ya seli zilizojificha ukutani. Fundi yeyote anapenda kitu kinachofanya kazi mbili.

Kwa hiyo shangazi, sumaku haitibu. Joto ndilo linalotibu, sumaku ni mpini wa kulishikia. Na yule jamaa wa koti jeupe alishika sumaku isiyogeuka, haina joto la kumpasha hata sisimizi.

Naomba kuwasilisha. Waliosomea wanikosoe.

#2 kitumbua_baridi

Natia timu siti ya mbele. Wahenga wa sayansi waje.

#3 Mchumia Juani

Mkuu umeandika vizuri, ila swali la kijiweni. Kama sumaku inaua kansa, ile mashine ya picha ya MRI si ndiyo sumaku baba lao? Watu wanaingia wanatoka na kansa zao vilevile.

#4 fundi_koili

Mchumia Juani, umeuliza swali langu la siku ya pili. Sumaku kubwa ya MRI imesimama tu, haigeuki. Kinachotoa joto ni kugeuka. MRI ina mawimbi ya redio yanayogeuka, lakini kwa kasi ya mamilioni, na ile sumaku kubwa imeshaikamata chembe shingo, haina nafasi ya kucheza. Halafu mgonjwa wa kawaida hana chembe mwilini. Jiko bila sufuria.

#5 x_ni_ngapi

Nafundisha fizikia, nitakuwa mchokozi kidogo. Mfano wa sufuria ni mzuri kwa kuanzia lakini una tobo.

Sufuria inapata moto kwa sababu uga unaogeuka unazalisha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma. Mikondo hiyo inahitaji nafasi ya kuzunguka. Ndani ya chembe ya nanomita 12 nafasi hiyo haipo, joto la njia hiyo ni karibu na sifuri. Chembe inapata moto kwa kuchelewa. Uga unageuka, usumaku wa chembe unataka kuufuata, unachelewa kidogo, na nguvu inayopotea kwenye kule kuchelewa inakuwa joto. Kuna kuchelewa kwa aina mbili: usumaku kugeuka ndani ya chembe huku chembe imetulia, na chembe nzima kuzunguka kwenye majimaji. Ya kwanza imepewa jina la Néel, ya pili la Brown.

Hapa ndipo mfupa unapotofautiana na ini au ubongo. Ukizigandisha chembe kwenye saruji, zimeshikwa kama kokoto ukutani, hazizunguki tena. Inabaki njia ya Néel peke yake. Chembe iliyochemsha vizuri kwenye chupa ya maji maabara inaweza kuwa goigoi ndani ya saruji. Ukisoma utafiti unaojisifia joto, angalia kwanza walipima kwenye maji au kwenye kitu kigumu.

Kwenye misumari ya chuma ya hao Wajapani, hapo sufuria yako iko sahihi kabisa.

#6 fundi_koili

Nimekubali, mwalimu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa msumari na nimekosea kwa chembe.

Sasa niungame. Jumamosi nilifanya jaribio gereji. Nilikusanya mchanga mweusi kwa sumaku, nikaujaza robo ya chupa ya jamu, nikaongeza maji, nikaiweka juu ya koili ya jiko bovu ambalo nimelidanganya lisidai sufuria. Dakika 10, kipimajoto kimetoka 29 hadi 37. Nilipiga kelele mpaka jirani wa spea za pikipiki akaja.

Msijaribu nyumbani, lile jiko likikosa sufuria linaweza kupasua transista usoni kwako.

#7 x_ni_ngapi

Chupa ya maji matupu ulipima?

#8 fundi_koili

Hapana.

#9 x_ni_ngapi

Koili yenyewe inapata moto, mkuu. Rudi gereji.

#10 dawa_ipo_wameificha

Nyie mnahangaika na chupa za jamu. Dawa ya kansa ipo toka zamani, makampuni yanaficha yaendelee kuuza kemo. Mimi nina bangili za sumaku, shilingi 85,000, mzee wangu alikuwa na goti miaka saba sasa anapanda mlima. Aliye serious anicheki inbox.

#11 Mchumia Juani

Mzee wako alikuwa na kansa au alikuwa na uzee?

#12 nesi_wa_zamu

Dawa_ipo, bangili yako toa kwenye uzi huu. Nimefanya kazi wodi ya mifupa miaka 11 na watoto ninaowapokea wamechelewa wote wana historia moja: mafuta, kuchuliwa, maombi, bangili. Wanakuja goti limekuwa kama papai.

Fundi, umenigusa kwa habari ya mpwa wako. Naomba niongeze yale ya wodini, kwa sababu uzi ukibaki kwenye koili watu watadhani shida ya osteosakoma ni uvimbe wa gotini.

Uvimbe wa gotini tunaweza kuuondoa, kwa kukata mguu au kwa kuutoa mfupa na kuweka wa chuma. Anachokufa nacho mgonjwa kiko mapafuni. Mpaka siku anapogundulika, kwa wengi seli zimeshasafiri, ndogo mno kuonekana kwenye picha. Zamani kabla ya kemo, miguu ilikatwa mapema na vizuri, na bado waliopona hawakufika 2 kati ya 10. Kemo ilipoingia miaka ya 1970, kwa wale ambao picha hazionyeshi imesambaa, kwenye nchi zenye huduma zote imefika 6 hadi 7 kati ya 10. Na tangu miaka ya 1980 namba hiyo imekaa palepale. Dawa ni zilezile tatu: methotrexate ya dozi kubwa, doxorubicin, cisplatin.

Koili yako inapasha goti. Mapafuni inafanya nini?

#13 fundi_koili

Dah.

Nimekaa na swali lako tangu asubuhi, dada. Nilikuwa nimesoma kuhusu chembe za kudunga kwenye mshipa, zitembee mwili mzima zikaitafute kansa zenyewe. Zingine zinavikwa dawa za kuimarisha mifupa za jamii ya alendronate, ambazo zinapenda kunata kwenye madini ya mfupa. Nikadhani hapo ndipo jibu la mapafu litapatikana. Halafu nikakutana na uchambuzi wa mwaka 2016 wa kundi la Warren Chan, Chuo Kikuu cha Toronto. Walikusanya tafiti za miaka kumi za chembe nano za kila aina kwa wanyama, wakauliza ni kiasi gani kinafika kwenye uvimbe. Jibu la katikati: asilimia 0.7. Chembe 1,000 zinaingia mshipani, 7 zinafika. Nyingi zinakamatwa na ini na wengu, ambako kuna seli zenye kazi ya kumeza takataka za damu.

Na sumaku ya nje haiwezi kuzivuta? Nguvu ya sumaku inafifia haraka mno ukisogea. Sumaku ya spika inayonasa spana mezani, iinue sentimita tano uone. Kwa kitu kilicho chini ya ngozi sawa, katikati ya paja la mtu mzima ni kazi nyingine.

Kwa hiyo jibu lako: mapafuni haifanyi kitu. Inabaki kuwa msaidizi wa daktari wa upasuaji, kemo iko palepale.

#14 nesi_wa_zamu

Msaidizi nampokea. Kuna wagonjwa ambao kingo za upasuaji zinabaki na wasiwasi, hasa uvimbe wa nyonga na uti wa mgongo ambako huwezi kukata ovyo. Saruji yenye joto pale ningeipenda.

#15 Mswahili wa Spree

Nipo Berlin mwaka wa tisa, nimeona Ujerumani haijatajwa wakati hii kitu ilitoka ganda huku.

Kuna mwanasayansi Andreas Jordan, alianza kazi hii hospitali ya Charité, ikazaa kampuni ya MagForce. Walitengeneza majimaji ya chembe za oksidi ya chuma zenye kiini cha nanomita 12 hivi, mwaka 2010 wakapata kibali cha Ulaya, ila kwa kansa ya ubongo, sio ya mfupa. Utafiti wao mkuu ulitoka mwaka 2011: wagonjwa 59 ambao kansa ya ubongo ilikuwa imewarudia, walidungwa chembe ndani ya uvimbe, wakapashwa kwa mashine ya kilohezi 100 pamoja na mionzi. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 13.4 tangu kansa irudi. Namba nzuri kwa ugonjwa ule, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo ndani ya utafiti. Kama chupa ya jamu.

Kuna jambo la karibu ambalo watu hawaliandiki. Ukiwa na meno yaliyozibwa kwa chuma, lazima chuma hicho kitolewe kwanza, kingechemka mdomoni. Na ukishadungwa chembe, MRI ya eneo lile haisomeki tena, kinaonekana kidoa cheusi kikubwa. Yaani unatibiwa halafu kioo cha kujiangalia kinavunjwa.

Kampuni ilifilisika mwaka 2022.

#16 x_ni_ngapi

Hilo la meno linatupeleka kwenye kikomo ambacho fundi hajakitaja. Kwa nini wasiongeze nguvu tu, wachemshe haraka? Kwa sababu mwili nao unapitisha umeme. Uga ukiwa mkali na unageuka haraka sana, mikondo inaanza kuzunguka ndani ya nyama nzima, mgonjwa anachemka mahali ambapo hapana chembe. Mwaka 1984 Atkinson, Brezovich na mwenzao walipima watu wanavumilia kiasi gani, na kikomo kinachonukuliwa mpaka leo ni kwamba nguvu ya uga ukiizidisha kwa kasi yake isizidi milioni 485, kwa ampia kwa mita kwa sekunde. Makaratasi mengi yanayotangaza joto la ajabu yamevuka hapo. Ni ya panya na ya vichupa.

Kingine ni mfupa wenyewe. Waswidi Eriksson na Albrektsson walionyesha mwaka 1983 kwamba mfupa ukifika nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaumia. Seli ya kansa unaitaka 43. Chumba cha kufanyia kazi ni nyuzi nne. Na uvimbe haupati joto sawasawa: penye mshipa mkubwa damu inapoza, penye chembe nyingi panaungua.

#17 fundi_koili

Mwalimu, hapo ndipo nilipopata usingizi, maana hili nalijua kwa mikono.

Mna lile sufuria la umeme la kupikia wali, linalojizima wali ukiiva? Watu wanadhani ndani kuna kompyuta. Geuza chini ufungue. Utakuta kidude cha duara katikati, kina sumaku na kipande cha feraiti (kauri ya oksidi ya chuma yenye usumaku) kimenata nayo. Maji yakiwepo, joto halipiti 100. Maji yakikauka, joto linapanda, na likifika kama 103 ile feraiti inaacha kuwa sumaku. Springi inashinda, kitufe kinaruka, tak! Kila sumaku ina joto lake la kupoteza usumaku, linaitwa joto la Curie.

Watafiti wanatafuta hilohilo. Unapika feraiti za manganisi na zinki, au mchanganyiko wa lanthani, strontiamu na manganisi, unacheza na vipimo mpaka joto la Curie liwe katikati ya 40 na kitu. Chembe ikifika pale inazima yenyewe, hata koili ikiendelea kupiga. Penye chembe nyingi hapaungui, penye chache panaendelea kupanda. Rimoti imo ndani ya punje.

Shida ni kwamba madini hayo mengine mwili hauyajui kama unavyoijua chuma. Kwa hiyo wengine wamekuja na njia tofauti. Anna Tampieri na wenzake wa Faenza, Italia, mwaka 2012 walichapisha kwamba wamechukua madini yaleyale ya mfupa, yale ya kalsiamu na fosfeti, wakapenyeza chuma ndani yake mpaka yakawa na usumaku yenyewe. Mfupa bandia ambao ni sumaku. Hapo sikuamini, nikasoma mara mbili.

#18 Mchumia Juani

Kumbe raiskuka ya mke wangu ina elimu kuliko mimi.

Swali la pili la kijiweni: chuma chote hicho mwilini, mtu hashiki kutu?

#19 nesi_wa_zamu

Mchumia, wewe hapo ulipo una gramu 3 hadi 4 za chuma, nyingi kwenye damu. Kuna dawa ya kuongeza damu kwa wagonjwa wa figo, ferumoxytol, ilikubaliwa Marekani mwaka 2009, nayo ni chembe nano za oksidi ya chuma hasa. Ini linazimeng'enya polepole, chuma kinaingia ghalani. Inaweza kuleta mzio mkali kwa wachache, kwa hiyo haipigwi kwa haraka. Kutu hapana.

#20 Bint Mwembe Kuku

Asalaam alaikum. Nasoma tangu jana kimyakimya. Mimi niko Mombasa, mamangu ana kansa ya titi, sasa imeingia mgongoni. Usiku halali, akigeuka alia. Hao Wajapani mwasema walitibu iliyotoka kwengine ikaingia mfupani, si ndiyo hii yake? Yapatikana wapi? Hata India twaweza kuchanga.

#21 nesi_wa_zamu

Waalaikum salaam dada, pole sana, na mpe mama pole.

Ndiyo, ugonjwa wa mama ni wa aina ile. Na umenikumbusha kitu ambacho uzi haujakisema: kwa watu wazima, kansa inayokutwa mfupani mara nyingi imetoka titi, tezi dume au mapafu. Osteosakoma ya watoto ni chache ukilinganisha.

Lakini usichange hela ya kufuata sumaku. Mtu akikuuzia tiba hiyo ya mfupa leo kama huduma ya kulipia, muogope. Kwa maumivu ya mgongo wa mama kuna kitu kipo na kiko karibu: mionzi. Mara nyingi dozi moja tu, gray 8, siku moja, na imepimwa ikaonekana inapunguza maumivu sawa na dozi nyingi za wiki mbili. Haianzi kufanya kazi siku hiyohiyo, mpeni wiki kadhaa. Wakati huo muulizieni mofini ya kunywa, msiiogope jina, na sindano za kuimarisha mifupa.

Lingine usilale nalo: miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia haja, ni hospitali saa ileile. Uti wa mgongo unabanwa.

#22 Bint Mwembe Kuku

Ahsante. Miguu haijambo. Mionzi hatukuambiwa, au twaliambiwa hatukuelewa. Kesho naenda na mwanangu anisaidie kuuliza.

#23 fundi_koili

Nimerudi gereji. Chupa mbili, maji sawa, dakika 10 kila moja, nimesubiri koili ipoe katikati. Yenye mchanga mweusi: 29 hadi 37. Maji matupu: 29 hadi 32. Kwa hiyo mwalimu alikuwa na haki nyuzi tatu na mimi nina haki nyuzi tano.

#24 x_ni_ngapi

Nyuzi tano za halali. Rudia mara tatu nikupe vema.

#25 mkulima_dengu

Habari za humu. Mimi niko Kahama. Kijana wangu ana miaka 14, goti la kulia limevimba upande wa juu wa mguu wa chini, mwezi wa pili sasa. Mchana anacheza, usiku analia. Mama yake amekuwa akimchua. Nimesoma uzi huu wote nimeshindwa kula.

#26 nesi_wa_zamu

Baba, acheni kuchua leo. Inaweza kuwa kitu kidogo, usaha au jeraha la mpira kweli, lakini uvimbe pale, umri ule, maumivu ya usiku, hauhukumiwi kwa kuangalia. Kesho asubuhi eksirei ya goti, picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Asiukanyage sana ule mguu, mfupa wenye uvimbe unavunjika kirahisi. Ukipata picha rudi hapa, au usirudi, nenda moja kwa moja utakapoelekezwa.

#27 mkulima_dengu

Tumepiga. Daktari amesema mfupa umechimbika na pembeni kuna mistari kama miale ya jua. Hakutaja jina la ugonjwa. Ametuandikia rufaa ya Bugando. Niwaulize habari za hizi chembe za sumaku?

#28 nesi_wa_zamu

Uliza kitu kingine kwanza. Watataka kuchukua kinyama kwenda maabara. Uliza: atakayechukua kinyama ndiye atakayefanya upasuaji mkubwa baadaye, au amekubaliana naye pa kupitishia? Njia ya sindano inabeba seli. Ikipitishwa mahali pabaya, mguu ambao ungeweza kuokolewa unaweza usiokolewe. Ukikuta mtu anataka kukata haraka kwenye chumba cha kufungia vidonda, mwambie kwa heshima mnasubiri Bugando.

Picha zote beba, usiache hata moja. Na magongo, hata ya kuazima.

#29 mkulima_dengu

Nimeandika kwenye karatasi. Basi ni la saa 12 asubuhi.

#30 fundi_koili

Mzee, nimeongea na mpwa wangu. Amesema nikupe namba yake kwa ujumbe wa pembeni, kijana akitaka kuongea na mtu aliyepita huko ampigie muda wowote, hata usiku, maana yeye usiku alikuwa halali vilevile. Ameniuliza swali moja tu: anashabikia timu gani?

#31 mkulima_dengu

Simba.

#32 fundi_koili

Wangu Yanga. Nimemwambia. Amesema apige hivyohivyo.